Gari ikitetemeka kwenye ralanti: ugonjwa upimwe kwanza, piesi inunuliwe baadaye

MAONI

BUNYAKIRI, KALEHE – Magari mengi yanayopanda na kushuka kati ya Bukavu na Bunyakiri yana ugonjwa mmoja ambao mashofere wameuzoea mpaka wanauita tabia ya gari: ralanti haitulii. Gari ikisimama na shofere akitoa mguu kwenye akselereta, motere inapanda, inashuka, inatetemeka, na mara nyingine inazima kabisa. Shofere anawasha tena, anaacha mguu kidogo juu ya akselereta, safari inaendelea. Abiria wananyamaza, kwani wao wanataka tu kufika.

Jambo hili si dogo. Barabara ya kitaifa namba 3 inatoka Bukavu, inapita Miti, inapanda ndani ya Parki ya Kitaifa ya Kahuzi-Biega mpaka zaidi ya mita 2.000 juu ya usawa wa bahari, kisha inateremka kuelekea Bunyakiri na Hombo. Ni kama kilomita 80 tu mpaka Bunyakiri, lakini ndani ya msitu ule hakuna garaje wala duka la piesi. Gari ikizima pale jioni, anayelipa si shofere peke yake. Analipa mama mjamzito anayepelekwa Bukavu, analipa mgonjwa aliyewekewa seromu, inalipa familia iliyokimbia vita ambayo imetoa franga zake za mwisho ili watoto wafike kwa ndugu kabla ya giza.

Ukweli ambao haupendwi kusemwa kwenye garaje ni huu: ugonjwa wa ralanti mara nyingi unaanza mdogo, na dawa yake mara nyingi ni rahisi. Kinachoufanya uwe mkubwa na wa bei kali ni desturi ya kubadilisha piesi bila kupima. Leo buji, kesho pompu ya esansi, keshokutwa karbirateri nzima ya okazio kutoka soko la Kadutu, na mwisho wa mwezi gari bado inatetemeka. Desturi hiyo inapashwa kukoma, na wanaoweza kuikomesha ni watatu: mwenye gari, makanika na muuza mafuta.

Ralanti ni nini

Ralanti ni mwendo wa motere pale gari imesimama na hakuna mguu kwenye akselereta. Kwa magari mengi madogo ya esansi, kama Toyota zinazojaa kwenye barabara zetu, motere ikisha kupata joto inazunguka kati ya mara 650 na 850 kwa dakika. Asubuhi, motere ikiwa baridi, ni kawaida ipande mpaka 1.200 au 1.500, kisha ishuke polepole yenyewe. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale motere imekwisha kupata joto na mshale bado unacheza kati ya 500 na 1.500, au motere inatikisika kama mtu mwenye homa.

Kwenye gari ya vitesi ya mkono, ugonjwa huu una hatari yake ya pekee. Shofere akikanyaga embreyaji, anatenganisha motere na magurudumu. Kuanzia dakika hiyo motere haisukumwi na kitu kingine. Inaishi kwa ralanti yake tu. Ralanti ikiwa mbovu, motere inazima palepale: kwenye kona, kwenye daraja la miti, au kwenye mteremko.

Motere ikizima, breki nazo zinabadilika. Servo inayosaidia mguu wa shofere inapata nguvu yake kutoka kwa motere. Motere ikizima inabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani wa idroliki nao unakuwa mzito. Gari yenye watu kumi na mifuko ya mihogo juu, kwenye mteremko wa matope, bila msaada wa servo, hiyo ni ajali inayongoja saa yake.

Ndiyo maana zoezi la kuteremka na vitesi kwenye pwemo ili kuokoa mafuta linapaswa kukatazwa kabisa. Kwenye motere za enjeksio halisaidii hata kuokoa: gari ikiteremka ndani ya vitesi bila mguu kwenye akselereta, kompyuta inakata mafuta, lakini kwenye pwemo motere inaendelea kunywa ili ibaki hai. Na kama motere inazima njiani wakati gari inateremka, shofere asibaki amekanyaga embreyaji. Aache vitesi ndani, aachilie embreyaji: magurudumu yatazungusha motere, na servo na usukani vitaendelea kupata nguvu.

Kupima kama vile hospitalini

Hakuna mzazi wa Bunyakiri anayekubali mtoto wake mwenye homa apewe dawa za magonjwa matano kwa kubahatisha. Anataka kwanza damu ipimwe. Gari nayo inastahili hivyo, na kipimo cha kwanza hakina bei. Ni maswali.

Ralanti inasumbua saa ngapi: motere ikiwa baridi, au ikiisha kupata joto? Ilianza lini: baada ya kutia mafuta, baada ya mvua, baada ya kuosha motere, au baada ya garaje kugusa kitu? Inashuka shofere akiwasha taa? Inabadilika akikanyaga breki? Makanika asiyeuliza maswali haya na anayefungua kapo akiwa tayari na jina la piesi mdomoni, huyo hatafuti ugonjwa, anatafuta soko.

Kipimo cha pili ni cha embreyaji, na kinachukua dakika moja. Gari isimame mahali pa tambarare, freni ya mkono ivutwe, vitesi iwe kwenye pwemo, motere iwe na joto, taa na redio vizimwe. Shofere asikilize bila kukanyaga embreyaji, kisha akanyage mpaka chini na asikilize tena. Kama kelele ilikuwepo na inapotea akikanyaga, motere inaweza kuwa haina kosa. Ni bolingi ndani ya sanduku la vitesi. Kama kelele inaanza akikanyaga, ni bute ya embreyaji. Kama mtetemo unakuja tu wakati gari inaanza kutembea, waangalie diski ya embreyaji na silenbloki zinazoshika motere. Watu wamenunua buji na pompu kwa ajili ya silenbloki iliyokatika. Dakika moja ya kusikiliza ingewaokolea pesa hiyo.

Kama embreyaji haibadilishi kitu, basi ugonjwa uko ndani ya motere. Na motere ya esansi inahitaji vitu vitatu tu ili itulie: mafuta safi, hewa ya kipimo, na moto wa buji kwa saa yake. Vitatu hivyo vinachunguzwa kwa zamu, kuanzia kile kisichogharimu.

Mafuta ya chupa

Katika Bunyakiri kama katika miji mingi ya Kivu, mafuta yanauzwa kando ya barabara, ndani ya chupa na bidoni, na vijana ambao watu wanawaita Kadhafi. Bila wao magari mengi yangelala, na wengi wao wanalisha familia kwa kazi hiyo. Hakuna haja ya kuwatukana. Lakini ni lazima kusema wazi kwamba mafuta yanayobebwa kwenye bidoni, yanayomiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine chini ya mvua, yanaokota maji na uchafu njiani.

Maji yanajulikana kirahisi. Esansi ni nyepesi kuliko maji. Ukiweka esansi ndani ya chupa nyeupe na kuiacha itulie robo saa, maji yatakaa chini na mstari utaonekana. Kitambaa kinachotumiwa kwenye mdomo wa tanki kinazuia mchanga, hakizuii maji. Kwa hiyo kuchuja peke yake hakutoshi. Chupa iachwe itulie, na sehemu ya chini isimiminwe.

Petroli ya taa ni shida nyingine. Hiyo ikichanganywa na esansi haitengani, na chupa haitaonyesha kitu. Inaonyeshwa na karatasi. Tone la esansi safi kwenye karatasi nyeupe linakauka na kupotea. Penye petroli kunabaki doa la mafuta. Motere iliyokunywa mchanganyiko huo inawaka kwa shida asubuhi, inatoa moshi, inagonga kwenye mlima, na ralanti inakuwa ya kizunguzungu. Makanika anaweza kubadilisha nusu ya motere hiyo na asipate kitu, kwani ugonjwa umo ndani ya tanki.

Kwa magari ya mazutu, kama zile Land Cruiser zenye motere 1HZ ambazo hospitali na mashirika wanazitegemea, hakuna buji za moto za kushitaki. Ralanti ikicheza, mashaka ya kwanza ni hewa au maji ndani ya njia ya mafuta. Chini ya filtri kuna visi ya kutolea maji, na juu kuna pompu ndogo ya mkono ya kutoa hewa. Shofere wa ambilansi anayejua visi hiyo na pompu hiyo anaweza kuokoa mtu kabla daktari hajamgusa.

Hewa inayoingia kwa wizi

Baada ya mafuta inakuja hewa, na hapa ndipo magari ya Bunyakiri yanateseka zaidi, kwa sababu ya barabara. Mashimo yanatikisa motere, matope yanakauka juu ya mipira, joto linapasua tiyo. Tiyo ndogo iliyopasuka kati ya filtri ya hewa na motere, au diriti ya servo iliyolegea, inaingiza hewa ambayo haikupimwa. Kompyuta ya gari inaongeza mafuta, halafu inapunguza, halafu inaongeza tena. Huo ndio mchezo wa mshale unaopanda na kushuka.

Kipimo chake ni masikio. Motere ikiwa inazunguka, makanika afuate kila tiyo akisikiliza mlio wa nyoka: ssss. Anaweza kunyunyiza maji kidogo sana kwenye kiungo anachoshuku, mbali na nyaya za umeme. Kama ralanti inabadilika, tundu liko pale. Wako wanaonyunyiza esansi badala ya maji. Huo ni wazimu. Motere ya moto, cheche ya umeme na esansi vikikutana, garaje inaungua na mtu ndani yake.

Kuhusu servo, kipimo ni rahisi zaidi. Motere ikizunguka, shofere akanyage breki na kushikilia. Kama ralanti inabadilika sana na mlio wa hewa unasikika kwenye pedali, servo au diriti yake inavuja. Hapo ugonjwa wa ralanti umegeuka kuwa ugonjwa wa breki, na gari hiyo haipashwi kubeba abiria mpaka itengenezwe.

Kisha kuna papiyo, kile kifuniko kidogo kinachofungua njia ya hewa mguu ukikanyaga akselereta. Kwa miaka mingi kinashika masizi meusi pembeni, na hewa ndogo inayohitajika kwa ralanti inakosa njia. Alama yake inajulikana: gari inatembea vizuri kwenye mwendo, lakini ikikaribia kusimama na embreyaji ikikanyagwa, inazima. Dawa ni kusafisha kwa dawa yake na kitambaa laini. Kwenye gari zenye papiyo ya umeme, kontakti iwe imezimwa na kisisukumwe kwa nguvu ya kidole. Baada ya kusafisha, ralanti inaweza kupanda kwa muda kidogo. Kompyuta inahitaji kujifunza upya. Wengine wanaogopa hapo na kununua papiyo nyingine bila sababu.

Kwa gari za zamani zenye karbirateri, kuna jambo ambalo linahusu barabara hii kuliko nyingine. Kwenye mita 2.000 hewa ina uzito pungufu kwa kama asilimia 20 ukilinganisha na pwani ya bahari. Karbirateri iliyorekebishwa Bunyakiri, ambako ni chini na kwenye joto, ikifika juu kwenye parki inatoa mafuta mengi kuliko hewa: moshi mweusi, buji zinalowa, ralanti inakufa. Iliyorekebishwa juu, ikishuka inakosa mafuta. Motere za enjeksio zina kifaa cha kupima hewa na zinajirekebisha zenyewe. Karbirateri haina. Kwa hiyo shofere anayesema kwamba gari "inaugua kwenye parki na kupona Hombo" hasemi uchawi. Anasema fizikia, na makanika amsikilize.

Moto, na taa ya tablo

Mafuta yakiwa safi na hewa haivuji, ndipo sasa buji zifunguliwe. Na zikifunguliwa zisomwe, zisitupwe. Buji ya rangi ya kahawia inasema silenda inawaka vizuri. Nyeusi na kavu inasema mafuta ni mengi. Nyeusi yenye unyevu wa mafuta mazito inasema oili ya motere inapanda. Nyeupe kama chokaa inasema hewa ni nyingi au joto ni kali. Buji nne zikiwekwa kwenye meza kwa mpangilio wake, kama tatu zinafanana na moja ni tofauti, silenda yenye shida imejionyesha yenyewe.

Mtetemo wa namna moja, tu-tu-tu bila kupanda na kushuka, mara nyingi ni silenda moja iliyolala. Ili kuijua, makanika anachomoa kiunganishi cha enjekteri moja baada ya nyingine motere ikizunguka. Akichomoa na motere inazidi kutetemeka, silenda hiyo inafanya kazi. Akichomoa na hakuna kinachobadilika, ameipata. Kuchomoa waya wa buji wenye umeme, kama wengi wanavyofanya, kunaweza kumpiga mtu na kuharibu bobini.

Na ile taa ya motere kwenye tablo haikuwekwa kwa mapambo. Kuna vijana mjini Bukavu wenye skana wanaoisoma kwa dakika chache. Hata bila skana, kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna kisanduku kidogo chini ya kapo chenye maandishi ya herufi. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa waya, kisha ukiweka kontakti, taa inapepesa kwa namba, na namba hiyo ina maana yake. Lakini skana nayo si nabii. Inasema kifaa gani kinalalamika, haisemi kwa nini. Kifaa cha hewa kinaweza kulalamika kwa sababu tiyo imepasuka mbele yake. Anayenunua kifaa kwa sababu skana imetaja jina lake anarudi palepale pa kubahatisha, safari hii kwa bei ya juu zaidi.

Mwisho kabisa, kama yote haya yamepimwa na hakuna jibu, ndipo makanika aseme juu ya presha ya silenda, supapu na joen ya kilasi. Maji ya radiateri yanayopungua bila kuvuja, moshi mweupe usiokwisha, oili yenye rangi ya maziwa: hizo ni dalili za ugonjwa mkubwa, na hapo pesa nyingi zina sababu. Lakini huo ndio mwisho wa njia. Hauwezi kuwa mwanzo.

Visi ya uongo

Kuna dawa moja inayopendwa kuliko zote, na ndiyo mbaya kuliko zote: kukaza visi ya ralanti mpaka motere ipande. Gari haizimi tena, mteja anafurahi, makanika analipwa. Lakini tundu la hewa bado liko, buji bado ni nyeusi, maji bado yamo ndani ya tanki. Kilichobadilika ni kwamba motere sasa inakunywa zaidi, gari inavuta mbele hata pale shofere anataka kusimama, na kuingiza vitesi ya kwanza kunapiga meno. Ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria kidonge cha kushusha homa na kumwambia amepona.

Shofere naye ana uongo wake. Kwa kuwa anajua gari itazima, anaishikilia kwa nusu embreyaji na mguu kwenye akselereta kila anaposimama. Diski inaungua kidogo kidogo. Baada ya miezi, ugonjwa wa tiyo ya mpira umezaa ugonjwa wa embreyaji, na kuibadilisha embreyaji ni lazima sanduku lote la vitesi lishushwe.

Mafundi nao wana haki

Mafundi wa Bunyakiri watajibu, na jibu lao lina uzito. Watasema kwamba mteja hakubali kulipa kwa kusikiliza. Analipa anapoona piesi mpya mkononi. Makanika akikaa saa mbili akitafuta tundu, kisha akafunga tiyo kwa kibano kidogo, mteja anauliza: hiyo tu? Lakini akibadilisha pompu nzima kwa dakika ishirini, analipwa bila maneno. Kwa hiyo makanika maskini, mwenye watoto na mwenye nyumba anayemdai, anajifunza haraka kwamba ujuzi haulipwi, piesi ndiyo inayolipwa.

Hapo kosa ni la wateja pia. Hospitalini watu wanalipa konsiltasio na laboratware kabla ya dawa, na hawaoni wameibiwa wakiambiwa hawana malaria. Garaje nayo iwe na bei ya kupima, inayosemwa wazi kabla kapo haijafunguliwa, na inayolipwa hata kama ugonjwa umekutwa ni waya uliolegea. Bei hiyo itamlinda makanika mwaminifu dhidi ya yule anayeuza piesi. Na makanika, kwa upande wake, amrudishie mteja piesi ya zamani mkononi na amwonyeshe kosa lake. Piesi isiyoonyeshwa kosa haikupashwa kutolewa.

Watasema pia kwamba hawana vifaa. Ni kweli kwa skana na kwa kipimo cha presha. Si kweli kwa masikio, chupa nyeupe, karatasi na maswali. Na kile ambacho mtu mmoja hawezi kununua, mafundi watano wa Bulambika wakikusanya likelemba wanaweza. Skana moja ya kukodishana ingetosha kwa centre nzima.

Nani afanye nini

Wenye magari wanaobeba abiria wasiingize gari kwenye parki ikiwa na ralanti isiyotulia. Kupima kufanywe siku moja kabla ya safari, mahali pa wazi, kwani moshi wa eshapma una gesi ya kaboni isiyo na rangi wala harufu, na motere inayozunguka ndani ya chumba kilichofungwa inaweza kuua.

Wauza mafuta waachane na petroli ndani ya esansi, na waweke chupa nyeupe ambazo mteja anaweza kuona chini yake. Mwenye mafuta safi hana cha kuogopa. Atapata wateja zaidi. Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, ambayo kazi yake ni kuangalia ubora wa bidhaa, isiishie mipakani na mijini. Mafuta yanayoharibu magari yanafika mpaka Hombo.

Shirika la mashofere, ACCO, lina sauti kwenye vituo vya magari. Badala ya kusikika tu wakati wa kuchanga pesa, lingeweza kuweka sheria moja rahisi: gari inayozima yenyewe kituoni haipakii abiria mpaka ipimwe. Viongozi wa barabara nao wajue kwamba kila shimo lisilozibwa linakata silenbloki na kupasua tiyo.

Na abiria, hasa familia zilizokimbia ambazo hazina gari wala chaguo, wana haki moja ambayo hawaitumii: haki ya kuuliza. Kabla ya kulipa, abiria asimame karibu na gari, asikilize. Motere ikipanda na kushuka bila mguu wa mtu, au ikizima mara mbili kabla ya kuondoka, amwambie shofere kwa heshima: papa shofere, gari hii ipimwe kwanza. Mtu mmoja akisema ataambiwa ashuke. Watu kumi wakisema, shofere atafungua kapo.